Miguu Yangu na Mbio za Wazazi

Jumatatu, 5 Juni

Leo Séphora, binti yangu wa miaka tisa, kaja na karatasi ya shule. Sikukuu ya shule ni Jumamosi ya tarehe 17, na kutakuwa na mbio za wazazi. Ameshatangaza darasani kwamba baba yake atashinda! Mwaka jana niliishia katikati ya uwanja, nikaketi kwenye benchi la waimbaji, nikaomba Fanta. Mtoto aliwaambia wenzake mimi ni tonton, yaani mjomba, wa mtu mwingine. Mwaka huu amenipa nafasi ya pili. Siwezi kuwa tonton tena. Siwezi!

Tatizo ni jirani yetu Gérard, baba wa Victoire anayesoma na Séphora. Naye atakimbia. Mwembamba kama fito, na ana viatu vipya. Mimi nauza misumari na mabati, kutwa nimekaa. Jioni nasimamia kazi za shule za watoto wawili. Wakati wa mazoezi uko wapi? Alfajiri, basi. Kuanzia kesho ni mbio na mboga. Leo haiwezekani, mke wangu Rébecca amepika sombe ya majani ya muhogo na nyama ya nguruwe.

Jumanne, 6 Juni

Saa kumi na moja na nusu niko barabarani. Baridi kali, lakini mteremko mzuri. Nikasikia vishindo nyuma. Nikadhani wananiiga! Nikaongeza mwendo, nao wakaongeza. Kugeuka: mtaa mzima! Mbele yao Mama Agar, muuza maharage, godoro kichwani, mbuzi mkononi, ananipigia kelele: "Papa Séphora, kuko nini?" Pumzi sina. Nikaonyesha kwa kidole kule nilikotoka, yaani, nataka kurudi nyumbani. Ole wangu! Wakadhani vita vinatokea huko, wakazidi kukimbia. Hadi maduka ya barabara kubwa yakafungwa.

Saa mbili chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu mzee Vagheni, kaniita. Kasema kwa ukali kwamba hapa kwetu "mutu hapana kimbia bure." Anayetaka michezo avae kaptula, watu wajue. Nimeomba radhi mlango kwa mlango, nyumba thelathini na moja, nyingi za mlimani. Rébecca anasema hayo nayo ni mazoezi.

Alhamisi, 8 Juni

Kaptula. Mtaa haujawahi kuona miguu yangu. Watoto walinisindikiza wakiimba. Nilirudi haraka.

Mpango mpya: chakula. Mchana dukani nikala lengalenga, mchicha mtupu, bila bugali, bila mafuta. Wateja wawili waliniona. Ilitosha. Mfanyabiashara wa Butembo anayekula majani matupu ni mgonjwa au amefilisika, hakuna jambo la tatu. Jioni shirika letu la kanisa likafika kuniombea, likiwa na kuku, bugali na maharage ya mawese. Kiongozi wetu, Mama Orpa, alisali machozi yakimtoka. Nikamwambia mimi mzima. Akajibu kwamba wagonjwa wote husema hivyo. Sasa, kukataa chakula kilicholetwa na sala ni dhambi. Nilikula mapaja mawili, kwa imani.

Jumatatu, 12 Juni

Beni, kufuata bidhaa. Huko hakuna anayenijua! Nikaamua kutembea kwa miguu kutoka parking ya magari hadi sokoni. Joto! Motard mmoja, na pikipiki yake ya abiria, akanifuata polepole: "Papa, panda tu, jua itakuua." Nikamweleza ni mazoezi. Akasema sawa, atangoja nichoke. Hakuondoka! Nilipanda kwa kumhurumia.

Njiani kurudi Butembo wazo likanijia, na ni wazo la dhahabu. Kwa nini mimi nipungue? Gérard ndiye anenepe!

Jumatano, 14 Juni

Siku ya pili Gérard anakula kwetu. Jana mbuzi, leo ndizi za makemba na samaki. Lakini adabu ni adabu: mwenye nyumba akiacha kula, mgeni naye ananawa mikono. Basi ili yeye ale, lazima mimi nile. Yeye alikula matonge manne. Yangu sikuyahesabu. Kifungo cha suruali kimeruka, Luc wetu mdogo anakitafuta chini ya kabati. Gérard kashukuru sana, kasema anarudi kwake kwa mbio ili chakula kishuke. Kwa mbio!

Baadaye Séphora akaja kukaa karibu nami. Akasema taratibu: "Papa, ukishindwa haina mubaya. Nitasema tu uko tonton." Hakuwa na hasira. Afadhali angekasirika. Nilienda nyuma ya jikoni nikalia kidogo. Rébecca aliponiona nikasingizia moshi.

Jumamosi, 17 Juni

Wazazi kumi na wawili kwenye mstari. Filimbi! Hadi nusu ya uwanja nilikuwa wa tano, naapa. Kisha kifua kikabana, miguu ikagoma. Gérard alishinda. Wengine wote wakafika. Nikabaki peke yangu, mikono magotini, shule nzima inacheka. Kulikuwa na benchi karibu. Nililitazama, nakiri.

Mara Séphora akatoka kwenye mstari wa darasa lake, akaingia uwanjani na gauni lake la sikukuu, akanishika mkono. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti huyu mzee ni wa nani. Séphora akamgeukia: "Uyu njo papa yangu!" Uwanja mzima ulisikia. Tukaenda pamoja, nusu mbio, nusu kutembea, tukafika wa mwisho. Tangu siku aliyozaliwa sijafurahi namna ile.

Jumapili, 18 Juni

Baada ya misa nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kosa ni la lengalenga. Zilinimaliza nguvu.

Directeur wa shule katangaza kwamba mwaka ujao wazazi watashindana kwa baiskeli, kutoka kanisani hadi shuleni. Luc, miaka mitano, kaniuliza kama nitakuwemo. Nikamwambia kesho akatangaze darasani kwamba baba yake atashinda. Rébecca akauliza tangu lini najua kuendesha baiskeli. Maswali ya wivu! Kweli, sijawahi kupanda hata moja. Lakini njia hiyo yote ni mteremko mtupu, na kwenye mteremko mtu anahitaji kujua nini?