Uzinduzi wa Kitabu Kimoja cha Sheria Zote

Mtukufu Liwali wa jiji letu la Konstantinopoli, Baba Askofu, waheshimiwa maseneta, mawakili wenye kesi na msio na kesi, mashabiki wa timu ya Buluu katika mbio za magari ya farasi, mashabiki wa Kijani mliokubali kukaa nao leo bila kurushiana mawe, nawe Mama Makaria mwoka mikate, ambaye shemeji yako analidai tanuri la marehemu mumeo: Bwana asifiwe! (Vifijo.)

Mimi Euthalio, mwenyekiti wa Kamati ya Kukusanya Sheria Zote, mtu mfupi mwenye cheo kirefu, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao hakuna anayenifikia. (Kicheko.) Shida yetu mnaijua, ndugu zangu: hakimu akikwama, huhesabu maandiko ya wanasheria wakuu watano wa zamani, wote marehemu, na upande wenye wengi ndio hukumu, sasa kwa Mama Makaria wawili wamempa yeye tanuri, wawili wamempa shemeji, wa tano kanyamaza kaburini, hakimu naye kaahirisha mpaka Kitabu kitoke.

Hivyo basi, kupitia mchakato shirikishi, mkakati wa awamu na semina elekezi tulizofanyia ufukweni kwa sababu ya hewa, tumefikia asilimia tisini ya maandalizi ya matayarisho…

(Mama Makaria: "Na mikate yangu mmekula asilimia ngapi?")

Tulia, mama, nakuja huko. Ndama walichinjwa ili ngozi ziwe kurasa. Nyama, isije ikaharibika, tuliila kizalendo. Ngozi zikawa viatu vya wajumbe, maana kuitafuta sheria ni kutembea. (Miguno.)

Sasa, kwa desturi yetu, Mama Makaria afunike mikono kwa shela, akipokee Kitabu, akibusu. (Anapokea.)

"Mbona chepesi hivi, mheshimiwa?"

Sheria haimlemei mnyonge, mama. Usifungue! Mama, usi… (Anafungua: mbao mbili, katikati hamna kitu.)

Wapendwa, jalada limekamilika! Kurasa ni awamu ya pili. Sheria moja! (Watu: "Iko wapi?") Kitabu kimoja! (Watu: "Tuonyeshe!") Namshukuru Mungu, ambaye hadi leo hajanichoka, nawashukuru wajumbe, viatu vimewakaa, nakushukuru Mama Makaria kwa mikate ya… we mama, unakwenda wapi na jalada?

"Kuwasha tanuri, baba. Mbao zake kavu. Mpaka mtakapoandika, mwenye moto ndiye mwenye tanuri. Shemeji asubiri kurasa."

(Vifijo vikubwa kuliko vyote.)

Mama, turudishie! Ndiyo kazi yote tuliyoifanya!