Chumba Chenye Dirisha la Bahari

Jumatatu, 3 Agosti

Baridi kali. Nimefungua studio ya picha nikiwa na sweta mbili na kofia ya mke wangu. Wateja hakuna. Nani apigwe picha huku makamasi yanamtoka?

Habari kubwa imeingia mchana. Mama mkwe amekodi nyumba ufukweni na ameshatangulia. Anatuita likizo: mimi, mke wangu, na shemeji yangu, yaani kaka yake mke wangu. Juu kuna vyumba viwili. Cha mbele dirisha lake linatazama bahari. Cha nyuma kinatazama tangi la maji la jirani. Mama mkwe hataki ugomvi. Kasema wote tuondoke Jumamosi asubuhi, atakayefika wa kwanza achukue cha bahari.

Mke wangu hajawahi kuiona bahari. Tangu tuoane anasema anataka siku moja afumbue macho aione akiwa bado kitandani. Nimemwahidi mara nyingi mpaka naona haya. Safari hii lazima!

Shemeji anakwenda na gari lake, lile ambalo mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Siku nzima barabarani. Mimi napanda ndege. Nimecheka peke yangu mpaka kikohozi kikanishika.

Jumanne, 4 Agosti

Nimekwenda kukata tiketi. Dada wa pale kanishauri nichukue ndege ya mchana. Eti msimu huu ukungu wa asubuhi ni mzito, hata kunguru wanatembea kwa miguu. Nikamtazama vizuri. Kwa nini anataka kunichelewesha? Nikakumbuka alisoma darasa moja na shemeji. Ahaa! Mimi si mtoto mdogo. Nikakata ya asubuhi, na siti ya dirishani kwa ajili ya mke wangu.

Nyumbani mke wangu kauliza kama ule ukungu wa leo asubuhi niliuona. Nikamweleza kwamba ukungu uko chini na ndege iko juu. Kaniangalia, akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 6 Agosti

Shemeji kapita studio kunitambia kwamba amebadilisha matairi. Alikuwa na tabasamu fulani, sikulipenda hata kidogo. Je, akiondoka kabla ya wakati? Simwamini. Siku hizi watu waongo wamejaa kila kona!

Basi nimejihami. Studio ina pazia nililolichora kwa mkono wangu: bahari, mchanga, jua, mnazi mmoja ulioinama. Nikamwambia mke wangu nataka kujaribu taa mpya. Tukavaa nguo za ufukweni, pekupeku kwenye saruji, meno yanagongana. Nikamsihi atabasamu kama mtu anayeona joto. Kauliza taa mpya iko wapi. Nikamwambia ndiyo hiyo, imefanana na ya zamani.

Picha imetoka safi. Ndege ikitua tu, hata kabla ya kupata teksi, naituma kwa mama mkwe. Huo si uongo. Ni ukweli uliowahi kidogo.

Jumamosi, 8 Agosti

Ukungu!

Tumefika uwanja wa ndege, ndege haionekani. Hata taa za nje hazionekani. Mtangazaji katuomba tuwe na subira. Mke wangu kakaa na begi mapajani, anatazama kioo cheupe. Roho iliniuma kweli. Heri angenigombeza.

Mara shemeji akapiga simu. Eti yuko barabarani, huko hakuna ukungu wala foleni, matairi mapya yanakimbia tu. Nikachanganyikiwa. Saa ambayo tungekuwa tumetua ilipofika, nikaituma picha. Nikaandika kwamba tumefika salama, tuko hapa mbele ya nyumba, maji ni matamu ajabu.

Mama mkwe hakukawia. Kajibu kwamba ametoka barazani, katazama kushoto na kulia, haoni mtu. Huko mvua inanyesha tangu alfajiri, jua hilo tumelipata wapi? Halafu akauliza kwa nini angani, karibu na wingu, kuna soketi ya umeme.

Lahaula! Lile tundu! Nililikata mwenyewe zamani kwenye pazia ili nipate pa kuchomeka taa. Nimelizoea mpaka silioni.

Mke wangu alikuwa anasoma begani kwangu. Hakupandisha sauti. Kauliza tu kama hiyo ndiyo taa mpya.

Mchana ukungu ukaondoka, tukaruka. Tumefika kwa mama mkwe tumelowa chapachapa. Shemeji je? Hayupo! Gari limemzimikia njiani, ameingia giza likiwa limeshatanda, mlango kaushika kwa mkono. Yaani tungeshinda bila kutuma chochote! Nimekaa juu ya begi nikashika kichwa.

Mama mkwe katoa hukumu. Binti yake hakumdanganya mtu, chumba cha bahari ni chake, alale humo peke yake. Mimi na shemeji tukatazame tangi.

Jumapili, 9 Agosti

Shemeji anakoroma kama gari lake. Alfajiri mke wangu kagonga, akanivuta mkono mpaka chumba cha mbele. Akarudi kitandani, shuka mpaka kidevuni, akaniambia nitazame. Mvua imekata. Bahari yote ile, dirisha zima! Analia huku anacheka. Nilifurahi mno, hata shemeji nikamsahau kwa muda.

Nikampiga picha palepale, nikaituma kwenye kundi la familia, ambako mama mkwe alishaisambaza ile ya soketi. Hakuna aliyeamini! Shangazi kaikuza kila pembe akiitafuta soketi. Binamu kanipongeza kwamba pazia la safari hii nimelichora vizuri kuliko lile.

Nimekaa nikatafakari kwa kina. Kosa langu nimeliona. Ni uchoraji! Nikirudi nachora pazia jipya, bila tundu. Nitaweka mawingu, mvua ya kutosha, nyumba yenyewe, na mama mkwe barazani anatazama kushoto na kulia.

Nimeshamwomba asimame pale nimpige picha ya kumbukumbu. Kafurahi, kaenda kuvaa gauni lake zuri. Kasema angalau nimeanza kubadilika.