Banda Langu la Majani, na Nyongeza Mnayoiita Wizi

Kwa Wakubwa wa Mchezo wa Simu, upande wa Soko.

Wanangu waheshimiwa,

Sasa yule kijana mwenye upanga nilikuwa nimeshampa majani yake kumi, nimemshikia na la kumi na moja mkononi, la nyongeza, aende nalo vitani, mara paa! banda limefungwa. Kioo chekundu mbele, kufuli juu yake, kubwa kama la ghala la pamba. Yeye nje anavuja damu, mimi ndani nimeshika jani, tunatazamana kama wachumba waliokatazwa. Akafia palepale mlangoni. Najua atafufuka, kwenu wote wanafufuka, lakini mteja kufia mlangoni ni mkosi, na aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akageuza shingo akaenda zake.

Ndiyo nikasema hapana, hili liandikiwe barua.

Anayeandika ni mjukuu wangu, fundi simu, ambaye namwita mke mwenzangu, maana marehemu babu yake alikuwa akimwekea yeye mnofu na mimi mfupa. Mimi namba nazijua zote, hata zile ndefu. Herufi ndizo hatukuwahi kuelewana. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye mchezo wenu nilipopasuliwa goti. Nilikuwa nimewekwa kitini, mguu juu ya stuli, namtukana kila anayepita na ndoo. Akanipa simu ili nyumba ipumue. Mwili wa kuchezea akanichagulia kwa haraka, kwa hiyo kwenu mimi ni dume refu lenye ndevu mpaka kitovuni. Hilo silalamikii. Huko nakimbia.

Wenzangu wakaenda kuua majoka. Mimi na joka hatujakoseana. Nikauliza, soko liko wapi?

Maana mimi maisha yangu yote nimeuza vitunguu. Na meza iliyoshikana na yangu ilikuwa ya shoga yangu, muuza nyanya. Tumegombana pale tangu tuna viuno mpaka tukawa na magongo. Binti yake akamchukua akakae naye mbali, huko juu ghorofani, mahali ambapo hata jirani wa kugombana naye hapatikani. Nikamwambia, na wewe ingia humu. Akaingia. Yeye kwenu ni msichana mwembamba mwenye mabawa, haya hana. Tukaweka mabanda ubavu kwa ubavu, mimi majani ya kufunga majeraha, yeye dawa za nguvu za chupa. Na kwa kuwa mmetuwekea sauti, kila asubuhi ni, "We ndevu! Umeamka au umefufuliwa?" Namjibu, "We popo! Umeuza au umekuja kukausha mabawa?" Siku inaanza vizuri.

Hicho ndicho mlichofunga. Banda likifungwa, na sauti inafungwa. Namwona kupitia kioo midomo inacheza, simsikii. Na mmesema Jumapili mtalifuta banda na vyote vilivyomo, na ile nafasi mtampa mtu mwingine. Leo ni Ijumaa. Msiniambie nimpigie simu. Kwa simu tunaulizana presha, tunalia kidogo, tunakata. Kugombana kunataka mtu awe mezani kwake na wewe mezani kwako.

Kwa hiyo malalamiko yangu ni haya, kwa heshima zote.

La kwanza. Mmeniandikia kwamba nimekutwa "nikihamisha mali bila malipo kwenda kwa watu wengi wasiohusiana." Ndiyo, nimehamisha. Inaitwa nyongeza. Mtu akinunua kumi unamtupia moja juu, ili akifika kwake aone umempenda, kesho arudi. Mke mwenzangu anasema aliyenihukumu si mtu, ni mashine inayowinda matapeli. Ikimwona mtu anatoa kitu bure, inasema huyu mwizi. Wanangu, mnaishi na watu gani huko?

Ananiambia tena, bibi, ukiruhusu vya bure, wezi watapitishia humohumo mali yao. Nikamwambia, mwenzangu, tumia akili ambayo babu yako alisema unayo. Ruhusuni moja juu ya kumi iliyonunuliwa, basi. Hakuna mwizi mwenye subira ya kuuza kumi kwa haki ili aibe moja. Akiipata subira hiyo, huyo si mwizi tena, huyo ni mfanyabiashara, mpeni banda.

La pili. Bei zenu hazisemeki. Mtu anaandika bei, anaibandika, anaondoka. Mteja anakuja, anaisoma kama maandishi ya kaburini, analipa au anaondoka. Hakuna "punguza." Hakuna "wewe unataka kunifilisi." Hakuna kuondoka hatua mbili ukisubiri kuitwa. Sasa huyo mtu aliyeamka asubuhi akavaa chuma mwili mzima, akaja sokoni, amekuja kufanya nini? Wekeni mlango wa kusema: mteja ataje yake, mimi nitaje yangu, turudiane mara tatu, ya nne tuuziane au tutukanane. Na waliosema kizuri chajiuza hawakuwahi kuuza. Kizuri huozea palepale kama mwenyewe hana mdomo.

Halafu kuna hili la sarafu moja. Hili ni la tatu, andika tatu. Mimi naweka jani kwa mia. Sijakaa vizuri, mtu anaweka lake kwa tisini na tisa. Simjui, simwoni, jina lake limefichwa. Naweka tisini na nane, anaweka tisini na saba. Tunashuka hivyo kama watu wanaoshushana kwenye ngazi gizani, mpaka wote tunauza kwa hasara na hakuna aliyejua amemkosea nani. Kule kwetu ukitaka kuniharibia bei unakuja kwanza, unanisalimia, unaulizia goti, ndipo unaniharibia. Naomba jina lionekane. Na anayetaka kushusha ashushe kitu cha kuonekana, moja katika kumi, aumie na yeye. Anayeshusha sarafu moja hajashusha bei, ameninyonyoa ndevu.

La nne ni Baba Fagio. Mnamjua. Jina lake la humo ni refu, lina upanga mwanzoni na fuvu mwishoni. Sisi tunamwita Baba Fagio kwa sababu alfajiri anafagia. Soko zima. Majani yote yaliyowekwa na watoto wa watu kwa bei ya chini anayazoa, anayaficha kwake, jua likichomoza anayarudisha kwa bei mara nne. Vita vikianza ndiyo sherehe yake. Nilimwendea kwa adabu nikamwambia, "Baba, waachie na wengine." Akaniambia, "Mzee, hili ni soko huria, kanyoe." Mimi! Kanyoe!

Nilifikiri sana juu ya huyu, mguu juu ya stuli. Na nimeugundua ugonjwa, wanangu, shikeni kalamu: majani yenu hayaozi. Tatizo lote liko hapo. Mwenye gunia la vitunguu lililoanza kunuka hana kiburi. Atakuita "mpenzi," atakuita "bosi," atakuuzia kwa bei ya kumwondolea aibu. Baba Fagio anakaa na majani mwezi mzima yakiwa mabichi kama ahadi, kwa nini asiringe? Wekeni kuoza. Siku tatu jani liwe jeusi, siku ya nne linuke, na ile harufu imfuate mwenyewe mpaka vitani, majoka yamkimbie. Soko litajipanga lenyewe, hamtahitaji mashine.

Na asipoacha, aozwe. Namaanisha aozeshwe mke. Mke mwenzangu anacheka, lakini mtu mwenye mtoto mchanga ndani ya nyumba haamki alfajiri kufagia soko. Anaamka alfajiri kwa sababu zingine. Mpeni na mama mkwe.

La tano, ushuru. Kila nikiuza mnakata. Nikasema sawa, soko lolote lina ushuru. Nikauliza, choo kiko wapi? Hakuna. Paa? Hakuna, mvua yenu ya rangi ya zambarau inatunyeshea wote. Mfagiaji? Tunaye Baba Fagio. Sasa ushuru unaenda wapi? Mke mwenzangu akanieleza, na mpaka leo sijapona: mnauchoma. Anasema wanaoua majoka wanapata sarafu nyingi mno, zikijaa zitakosa thamani, kwa hiyo zinazokatwa sokoni zinateketezwa kabisa. Wanangu, nimeona ushuru ukiliwa. Nimeona ukijenga nyumba ya mtu, ukamwolea mke wa pili, ukamnenepesha mpaka akashindwa kuufuata ushuru mwingine. Lakini aliyeula alikuwa na watoto, na watoto wake walinunua vitunguu kwangu! Kuuchoma? Kama zimezidi, wapunguzieni wauaji wa majoka mishahara, wamezidi kujiona.

La sita, nilikuwa nalo. Limepita. Likirudi nitasema.

Wakati nimefungiwa mke mwenzangu aliingia na mwili wake mwenyewe, nikamtuma akachungulie. Amerudi na habari kwamba shoga yangu amepanga majani mezani kwake. Majani! Muuza chupa! Akiulizwa anasema, "Nawashikilia wateja wa yule ndevu mpaka atoke." Nimewajua watu wanaoshikilia. Aliwahi kunishikilia meza nikienda kujifungua, nikarudi nikakuta nyanya mpaka chini ya kiti changu. Sasa mnaona ninachosema? Kila siku mnayochelewesha, yule popo anazidi kutanua mabawa, na mimi sina hata sauti ya kumwambia kitu. Itafika Jumapili, banda lifutwe, aje mgeni mwenye sarafu moja moja akae katikati yetu. Nani atanipa nafasi ile tena? Soko lenu ni kubwa, ubavu wa yule popo ni mmoja.

Kwa hiyo ninaomba, bila kulazimisha:

Mnifungulie banda. Mnirudishie sauti. Ile mashine iliyonihukumu iletwe kwangu, ikae pembeni yangu juma moja ijifunze kuuza, nitailisha. Nyinyi mnaotunga sheria za soko muwe mnauza humo kwa zamu, bila majina ya ukubwa, mvua ikiwanyeshea. Baba Fagio anyoe yeye. Na ili mambo haya yasiharibike tena, mnifanye mwenyekiti wa soko, mwenye funguo, filimbi na uwezo wa kumfungia mtu mpaka aombe radhi kwa sauti. Siombi mshahara. Ushuru mnaotaka kuuchoma nileteeni mimi, nitauzuia usizidi.

Sina zaidi. Nawasalimia wote hapo kazini: wanaochora majoka, wanaotengeneza mvua, anayewapikia chai, na mama zenu kama wangali hai, muwaambie mimi ninawadai watoto wao adabu. Hata ile mashine isalimieni, haijui ilitendalo. Mjukuu wangu anawasalimia pia, anasema kama mna simu mbovu awatengenezee.

Ni mimi mama yenu mwenye ndevu, muuza majani, banda lililoshikana na la chupa.

Nimesahau, bado kidogo. Msifunge barua.

Tukiwa tunaandika hapa simu imelia, kioo kimekuwa kijani. Mmefungua. Mmeandika kwamba mtu wenu ameangalia, ameona ilikuwa nyongeza tu, mnaomba radhi. Nimepokea. Mmelelewa vizuri kumbe.

Sasa jambo jingine. Mke mwenzangu amechungulia tena, anasema vita vikubwa vimeanza tangu jana, na Baba Fagio ameyafagia majani yote, na yake yote yameshakwisha kwa bei ya ajabu. Soko zima halina jani. Shoga yangu naye meza nyeupe. Mwenye majani ni mmoja tu, yaliyokuwa yamefungiwa ndani kwa kufuli lenu, na hayakuoza hata moja.

Kwa hiyo lile la kuoza lifuteni. Lile la kushusha bei moja katika kumi nalo liacheni kwanza. Baba Fagio msimguse, ni kijana mchapakazi, ana maono. Soko huria ni jambo zuri sana ukilielewa. Na mwenyekiti tafuteni mwingine, mimi nina kazi.

Sauti imerudi. Yule popo ameshafika mlangoni na mabawa yake, anapiga kelele mpaka sebuleni watu wamegeuka: "We ndevu! Toka nje! Hayo majani bei gani, au umeyalalia?" Subiri nimtajie bei ya Baba Fagio nisikie atakavyonitukana. Nimetaja. Anasema yeye ataondoka. Mwone, ameshapiga hatua mbili, anajifanya hageuki. Mwenzangu, weka kalamu, nishikie stuli, nipe hiyo simu. We popo! We! Rudi hapa, utaje yako!