Kura Mbili za Stanislas

Sogeeni, enyi mliobakiwa na masikio, ninyi wa Butembo kwenye baridi na ninyi wa Beni kwenye joto! Wekeni chini vibuyu vya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa maana habari ninayoileta haisikilizwi na mtu anayemeza. Wengine wamejaliwa kuimba vita vya wafalme. Mimi nimepewa, kwa bahati yangu mbaya, kumwimba Stanislas, Ngurumo ya Kimemi, Mshambuliaji Asiyechoka Kujitaja, na siku ile alipotawazwa mchezaji bora na muungwana kuliko wote wa klabu yetu ya Radi, katika mwaka wa Uhuru, miaka minne kabla waasi wa Simba hawajatushukia na majani vichwani mwao.

Matendo yake nitayataja upesi, kwa kuwa ni machache. Msimu mzima alifunga mabao mawili: moja kwa mguu, kule Beni, na la pili kwa kisogo, alipokuwa amegeuka kumgombeza mwamuzi. Na uungwana wake je? Hakuwahi kumpiga teke mtu aliyekuwa mbali naye.

Lakini shujaa alikuwa na jeraha moyoni, nalo liliitwa Florentine. Mbuzi wa mahari alikwisha kuwafikisha, wote wakiwa hai, kwa mzee Ananie, mkulima wa Vuhovi, baba wa binti. Mzee akawapapasa mbuzi mmoja mmoja, akaridhika. Akamtazama mkwe, asiridhike. Ndipo alipotamka amri iliyotikisa migomba:

"Mbuzi niliona, ni mazuri. Mutu ndiye ningali sijaona. Kila siku unakuya hapa unajisifu: miye hivi, miye vile. Donc, sikia. Uniletee mutu mumoja tu mwenye kukusifu, na hapana wewe mwenyewe. Ukimupata, ubebe binti. Ukimukosa, ufungue mbuzi zako."

Mtu mmoja! Stanislas aliondoka Vuhovi kwa miguu akihesabu watu wa kumsifu, na hadi anaingia mjini Butembo alikuwa hajampata wa kwanza.

Basi ikawa katika siku zilezile klabu yetu ikapatwa na homa ya nchi nzima. Zamani birika la tuzo, jeupe, la bati, lenye ua jekundu ubavuni, liligawiwa na padri Mzungu kwa yeyote aliyewahi misa. Ndiyo maana kipa wetu, aliyefungwa mabao thelathini, alikuwa na mabirika matatu. Sasa tulikuwa tumejitawala. Siméon, katibu wa klabu, aliyeonja kura mara moja, katika uchaguzi wa nchi wa mwezi wa Mei, na tangu hapo asitamani chakula kingine, alitukusanya wachezaji kumi na mmoja katikati ya uwanja, akapaza sauti:

"Ba ndugu! Wakati ya mukoloni imekwisha. Leo hapana mutu wa kutuchagulia. Kila muchezaji atakamata karatasi, ataandika jina ya ule anaona ni muzuri kupita bote, mwenye roho ya haki. Jina moja tu! Mungu anawaona, na comité pia!"

Kalamu ya risasi ilikuwa moja, nayo ikapita mkono hadi mkono kama mkuki wa mababu. Huyu alijificha nyuma ya mlingoti wa goli, yule alijifunika jezi kichwani, mwingine akalala kifudifudi juu ya karatasi yake akiilinda na jua. Hakuna jeshi lililowahi kuficha siri kwa juhudi kama ile, na siri yenyewe ilikuwa moja. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Aliyeandika amesimama wima ni Asumani peke yake, beki wa kushoto, mtoto wa wenye malori wa Beni, aliyekuja kucheza kati ya safari mbili na kutuokoa kila Jumapili. Kwa dini yake ya Kiislamu hakuwahi misa hata moja, basi na birika hakuliota. Yeye ndiye aliyelistahili. Nalisema hili nikiwa na hasira hadi leo.

Siméon akafungua kura. Jina la kwanza, kura moja. La pili, kura moja. La tatu, moja. Stanislas, moja. Kadiri alivyosoma, kila mtu alizidi kuona aibu ya mwenzake. La saba lilikuwa langu, msiniulize. Kumi zilipokwisha, tulikuwa mashujaa kumi, kila mmoja kachaguliwa na taifa lake la mtu mmoja. Siméon akafungua ya kumi na moja, akaisoma mara mbili kimoyomoyo.

"Stanislas! Kura mbili! Amepata double ya kila mutu!"

Stanislas alilinyakua birika, akaliinua juu, na kinywa chake kikafunguka.

"Ba ndugu, mapendo yenu inanilemea! Nilijua klabu muzima iko nyuma yangu..."

"Ungojee kwanza." Alikuwa mzee Ananie, kati ya watazamaji, aliyetoka Vuhovi alfajiri ili ashuhudie. "Ile ya kwanza najua nani aliandika. Ya pili ni ya nani?"

Asumani akainua mkono. "Ni yangu, papa."

"Unamusifu?"

Hapo mbuzi, binti na heshima ya ukoo mzima vilining'inia kwenye ulimi wa beki wa kushoto, naye, masikini, hakujua kudanganya.

"Papa, nitasema kweli. Niliona haya kujiandika. Nikaangalia benzangu, bote banajiandika. Nikasema, huyu Stanislas akikosa ata moja ya mutu mwingine, atalia. Nilimuonea huruma."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Ananie hakucheka.

"Niliomba sifa, mais hii ni huruma. Kesho ukuye kufungua mbuzi."

Ngurumo ya Kimemi alilishusha birika, akalikumbatia kifuani kama mtoto. Nilitaka kufurahi, nikashindwa, na jambo hilo lilinichukiza.

Ndipo Florentine alipotoka katikati ya wasichana wenzake.

"Papa, ungojee. Ulizani nilimupendea mabao? Mabao ni mawili tu. Miye pia namuonea huruma, tangu siku ya kwanza. Asumani mumoja, miye wa pili. Mutu mwenye kuhurumiwa na batu babili hatakufa njaa. Acha mbuzi zilale kwetu."

Ananie alimtazama binti, akamtazama mkwe, akashusha pumzi. "Basi," akasema, "zilale."

Andikeni, enyi watunza tarehe! Hivyo ndivyo Stanislas alivyotwaa birika na mke kwa kura mbili, moja yake na moja ya huruma. Miaka minne baadaye Simba walipokuja, kamati ilitoweka, Siméon akafukia daftari la kura chini ya mihogo, na lori la Asumani ndilo lililosimama mlangoni, bila kuitwa, likatubeba sote hadi Vuhovi, Stanislas akiwa mbele kabisa, birika likiwa mapajani mwake. Njia nzima aliwaeleza wakimbizi jinsi klabu ilivyomchagua kwa wingi maradufu. Asumani alishika usukani, akamwacha aseme.