Taulo la Mama Cherehani

Daktari Nafuu hakuwa daktari, na nafuu aliyoileta mjini ilikuwa ya mfuko wake mwenyewe. Siku moja alikimbilia kliniki ya kisukari kujikinga na mvua, akakaa kwenye benchi kama mgonjwa mwenzao. Mbele yake mpiga rangi mmoja alitobolewa kidole, mashine ikasoma kumi na tisa. Nesi akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Umekula nini wewe?"

"Nanasi tu, nesi. Kipande kimoja."

"Kwa mkono huohuo? Nenda kanawe kwa sabuni, ujipanguse, urudi."

Akanawa, akarudi, mashine ikasoma sita na nusu. Wagonjwa wote waliokuwa pale wakajifunza kunawa mikono kabla ya kujipima. Daktari Nafuu, Mungu amsamehe, alijifunza biashara.

Wiki haikuisha, akawa amejipanga kando ya soko na meza, mashine ya kupimia, koti jeupe alilouziwa na kinyozi, na madumu ya Maji ya Nafuu. Maji yenyewe yalikuwa ya bomba, yamechemshwa na majani ya ua wa jirani ili yawe machungu, maana binadamu haamini dawa isiyomkunja uso. Viganja alivipaka sharubati nyepesi. Mteja akija alimpa mkono, tena mikono miwili, akimminya vidole vyote kama shemeji aliyepotea miaka. Kisha sindano, kisha mashine.

"Kumi na nane! Mzee, wewe unatembea kwa huruma ya Mungu tu!"

Hapo mteja alinyweshwa kikombe, akanawishwa vidole kwa dawa hiyohiyo, akapimwa upya. Saba! Watu walipiga makofi na kununua madumu.

Fundi Saa alinunua mawili. Alikuwa mzee mtaratibu, mwenye macho ya kuona gurudumu dogo kuliko punje ya mtama, lakini uongo mkubwa ulimpita hivihivi. Alifika nyumbani akatangaza: "Mama watoto, mimi na sindano basi. Nimepona."

Mkewe, Mama Cherehani, alikuwa na sukari yake mwenyewe ya miaka kumi na minane. Alijipima kila asubuhi na kuandika kwenye daftari, alikagua nyayo zake kwa kioo, na hakumwogopa mtu ila yule nesi. Alimsihi mumewe, akamgombeza, akalia. Mzee akajimiminia kikombe kingine. Siku ya pili midomo ilimkauka, akaenda chooni mara kumi kabla ya adhuhuri, na bado anatabasamu. Mama Cherehani aliogopa, aliogopa kweli. Mwanamume aliyeishi naye miaka arobaini alikuwa ananyauka mbele ya macho yake kwa hiari yake mwenyewe.

Akaenda sokoni, akasimama mbali, akatazama wateja watatu wakipewa mkono. Wa nne hakuhitaji kumwona; hila alikuwa ameshaijua.

"Daktari," alisema kwa sauti laini, mikono ameificha ndani ya mtandio. "Sisi tuna chama cha wenye sukari, watu sitini. Wanataka maji ya mwaka mzima. Ila ni wabishi hao! Wanataka kwanza wamwone daktari mwenyewe akipimwa, nyumbani kwangu."

Sitini! Daktari Nafuu alimeza mate. "Mama yangu, hata kesho."

Mama Cherehani akarudi nyumbani, akatoa kopo la glukosi, ule unga anaoutunza kwa siku sukari ikimshuka ghafla. Akaukoroga kwenye maji, akaloweka taulo jeupe, akalianika juani, akalifikicha mpaka likalainika.

Kesho yake chumba cha kushonea kilijaa hadi mlangoni, na nusu ya watu walikuwa wameshanunua madumu. Daktari Nafuu hakuwa mjinga. Aliomba beseni na sabuni, akanawa mpaka kwenye viwiko, wote wakiona.

"Safi?"

"Safi!"

Mama Cherehani akampa taulo. Akajipangusa kidole kwa kidole, akajitoboa. Ishirini na nne.

Akacheka. Akanawa tena, akajisugua kwa brashi, akajipangusa, akatoboa kidole kingine. Ishirini na saba.

Sasa jasho lilimtoka. Hila ya mikono aliijua vizuri, na mikono alikuwa ameinawa. Kilichobaki ni damu. Akamkumbuka baba yake mdogo aliyekatwa mguu kwa sukari.

"Kunywa dawa yako, daktari," alisema Fundi Saa kwa huruma, akimsogezea kikombe.

"Toa hapa hayo maji!" akapiga kelele. "Hayo yatanisaidia nini mimi? Nataka nesi! Nataka insulini!"

Akatoka mbio, koti linapepea, mashine na begi akaviacha mezani.

Fundi Saa alibaki ameshika kikombe. Akakimwaga dirishani.

"Mama watoto," alisema polepole, "sindano yangu uliiweka wapi?"

"Ipo kwenye friji," mkewe akajibu. "Nawa mikono tukupime kwanza. Halafu twende kwa nesi."

Lakini kliniki Daktari Nafuu alikuwa ameshawatangulia.

"Nawa," nesi alimwambia.

"Nimenawa mara mbili!"

"Nawa mara ya tatu. Na mkono uache ukauke wenyewe."

Mashine ikasoma tano. "Huna sukari, baba. Unachokosa ni mazoezi. Tembea nusu saa kila siku."

Daktari Nafuu akasimama pale anafikiri. Akalikumbuka lile taulo, na damu ikamchemka. Alirudi kwa Mama Cherehani mbiombio, akawakuta wanachama wamepanga foleni kwenye mashine yake, mikono wameshanawa, na Fundi Saa anavaa viatu aende kliniki.

"Jamani, mama huyu ni tapeli!" alifoka mlangoni. "Taulo lake lina sukari! Mtu ukimpaka utamu vidoleni kipimo kinapanda, akinawa kinashuka, damu yenyewe haina habari! Nimeibiwa mchana kweupe!"

Watu wakatazama vidole vyao. Kisha wakaitazama ile mikono yake miwili yenye upendo.

Fundi Saa akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Na wewe, mwanangu," aliuliza kwa upole, "hayo yote umeyajulia wapi?"

Daktari Nafuu alikuwa ameshafika barabarani. Siku hiyo alikimbia mji mzima, na nyuma yake chama kizima cha wenye sukari, wengi wao wakifanya kwa mara ya kwanza mazoezi waliyoandikiwa tangu mwaka juzi.