Kiatu cha Kushoto Mbele ya Mwasisi

Jumatatu, 6 Oktoba
Ijumaa ni Siku ya Waasisi. Mwanafunzi mmoja atamwongoza ng'ombe uwanjani, chuo kizima kikitazama, kuwakumbuka watoto wa wakulima waliokamua ng'ombe kabla ya darasa, zile enzi serikali ilipotoa ardhi hii ili kijengwe chuo. Amechaguliwa Marlys Engebretson. Marlys tena! Anatembeza wageni, na kila jengo anadai limejengwa na babu yake. Mimi, Orrin Tveit, mwaka wa tatu kilimo, hata ng'ombe hawanijui. Nimeamua. Nitaanzisha mila yangu.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimewaambia wanafunzi wapya kwamba tangu zamani, kabla ya mtihani, mtu huvua kiatu kimoja na kuizunguka sanamu ya mwasisi. Asipofanya, anafeli. Mmoja akauliza kiatu kipi. Sikuwa nimefikiria. Cha kushoto, nikasema. Wakavua! Na mvua ile!

Alhamisi, 9 Oktoba
Chuo kizima kinachechemea. Hata mhadhiri wa udongo, soksi yake ina tundu. Lakini Marlys! Nimemkuta akiwaeleza wageni kuwa mila hii ilianza na bibi wa bibi yake, aliyepoteza kiatu matopeni akiwahi darasa. Mama mmoja alikuwa anafuta machozi. Nikamvuta Marlys pembeni, nikamwambia mila ni yangu, nimeitunga juzi.

"Haya, nenda kawaambie," akasema. "Waambie wamelowesha soksi bure."

Nikawatazama waliokuwa wakiizunguka sanamu. Wengi. Wenye miili mikubwa. Nikavua kiatu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Marlys ana mafua! Amezunguka sanamu mno. Bwana Haugen, msimamizi wa zizi, alitaka mtu yeyote aliye karibu amwongoze ng'ombe. Nilikuwa karibu tangu alfajiri. Akanipa kamba. Uwanja umefurika, bendi inapiga, mimi kifua mbele. Tulipofika kwenye sanamu umati ukapiga kelele nivue kiatu. Ningekataaje? Nikavua. Ng'ombe akanikanyaga.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mguu umevimba kama boga. Marlys kaniletea aiskrimu inayotengenezwa hapa chuoni, anapiga chafya, anacheka. Kanisihi niache kutunga mambo. Nikakubali, maana aiskrimu ilikuwa nzuri.

Ameondoka sasa. Jumatatu nitawaambia wanafunzi wapya kwamba tangu enzi za waasisi, anayetaka kufaulu hesabu humnong'oneza fahali jina lake mwenyewe sikioni. Nitaiita Mila ya Tveit, asije mtu akaniibia. Wakisitasita, nitaingia zizini mwenyewe niwaonyeshe.