Malalamiko Kuhusu Mistari Mitano ya Mwalimu Doris

Mwika, wiki ya pili baada ya Pasaka

Ndugu Mkuu wa Shule,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Elimringi, baba yake Kindness wa kidato cha tatu. Namlalamikia Mwalimu Doris wa fasihi. Mwalimu huyu hamruhusu mwanafunzi kuchangia mjadala darasani mpaka awe amesoma sura aliyopewa na kuandika mistari mitano: alichoelewa, asichokubaliana nacho, na swali moja. Madhara yake ni haya:

1. Zamani nikieleza jambo nyumbani, binti yangu aliitikia na kuendelea kumenya ndizi. Sasa ananiuliza nimelisoma wapi.

2. Tabia hii inaambukiza. Siku ya Pasaka niliita kikao cha ukoo kiidhinishe ning'oe mibuni yote ya kihambani, shamba alilotuachia baba, nipande parachichi. Kikao chetu kwa kawaida hakimalizi kata moja ya mbege, pombe yetu ya ndizi: nasema mimi mkubwa, wengine wanaitikia, tunakula. Safari hii Kindness aligawa vikaratasi vya kuandikia mistari mitano kabla sijafungua mdomo. Mdogo wangu Basili, ambaye hukubali kila kitu ili awahi nyama, alijaza pande zote mbili na kuomba kingine.

3. Mke wangu Elisifa alikuwa hajawahi kusema neno kikaoni kwa miaka kumi na tisa, nami nikajua ameridhika. Siku hiyo alisimama akasoma: "Mibuni hii naipalilia mimi. Hayo maparachichi yatapata maji wapi, wakati mfereji unatufikia siku moja tu kwa wiki?" Nilitazama kikaratasi changu: mimi peke yangu sikuwa nimeandika kitu. Niliumia sana, Mkuu.

4. Kikao kimeahirishwa hadi Jumamosi na kila mtu aje ameandika. Hata mimi.

Kwa hiyo naomba Mwalimu Doris aagizwe kurudia utaratibu tuliosomea sisi: mwalimu aongee, watoto wanyamaze. Vinginevyo ukoo huu utabaki bila mkubwa.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mlinzi, na huyo Mwalimu Doris pia.

Ni mimi mzazi mwenye masikitiko,
Elimringi

Nyongeza: Nimeirudia barua hii kabla ya kuifunga. Nimejaza kurasa mbili na swali la maji sijaligusa. Sina jibu lake. Mwalimu Doris asisumbuliwe. Jumamosi nitasema mibuni ibaki, halafu nitakaa nimsikilize Elisifa. Kumbe miaka yote ile sikuwahi kumuuliza.